Yale Mafuta ya Msamaria Yalitoka Wapi?



Shule zimefungwa, Desemba imebisha hodi, na simu yangu imejaa ujumbe wa aina moja: "Pasta, tuombee, tunasafiri." Wengine mnapanda bara kwa wazazi, Machakos, Kitui, Kisii, Bungoma. Wengine mnangoja wageni watakaoteremka Diani kula sikukuu wakitazama bahari. Ninawaombea wote, kwa majina, wala sitachoka. Lakini leo, kabla hatujafumba macho, naomba kila mwenye gari atoke nje, afungue buti na kutazama kilichomo. Halafu arudi, tusome Luka sura ya 10.

Hadithi ya Msamaria mwema mnaijua tangu Shule ya Jumapili. Mtu anateremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Barabara ile ni mteremko wa karibu mita 1,000, tena kavu, yenye makorongo. Ukiteremka kutoka Kwale mjini hadi Kombani masikio yakaziba, basi zidisha mara mbili na zaidi. Wanyang'anyi wakamvamia, wakamwacha karibu kufa. Kuhani akapita, Mlawi akapita, Msamaria akasimama.

Nilipokuwa chuo cha Biblia tulikaa na mistari hiyo wiki nzima. Tulibishana jirani ni nani. Tulibishana kwa nini kuhani aliogopa kumgusa mtu aliyedhaniwa ni maiti, na kwa nini Yesu alimchagua Msamaria, mtu wa dini iliyodharauliwa. Mambo mazuri yote. Lakini ni miaka 18 ya utumishi katika barabara za Kwale iliyonifanya niulize swali ambalo darasani halikuulizwa: yale mafuta na ile divai vilitoka wapi?

Maana pale hapakuwa na duka. Hakumtuma mtoto mbio Yeriko akanunue. Alikuwa navyo. Alivifunga nyumbani kwake asubuhi ile, kabla hajajua atakutana na nani. Divai ya kusafisha kidonda, mafuta ya kutuliza maumivu, kitu cha kufungia jeraha, mnyama wa kumbebea mgonjwa, na fedha taslimu dinari mbili za kumwachia mwenye nyumba ya wageni. Katika Mathayo 20 dinari moja ni kibarua cha siku nzima, kwa hiyo yule bwana alitembea na akiba ya siku mbili mfukoni. Sasa ondoa vitu hivyo vyote. Unabaki na mtu mwenye huruma aliyepiga magoti kando ya majeruhi, analia naye. Machozi hayo Mungu anayaona, lakini damu ingeendelea kutoka.

Najua kuna mpendwa ambaye tayari amekunja uso. Hoja yake nimeisikia mara nyingi, hata kwa watu ninaowaheshimu sana katika maombi. Dada mmoja, shujaa wa makesha, aliniona nikipakia sanduku la huduma ya kwanza, akaniambia kwa upole kabisa: "Mchungaji, ukibeba bendeji unakiri jeraha. Sisi gari tumelifunika kwa damu ya Yesu, inatosha." Mwingine aliniambia kamba ya kuvutia gari huita kuvutwa.

Nisikilizeni vizuri, msije mkaninukuu vibaya. Mimi ni Mpentekoste, tena wa kelele. Nanena kwa lugha. Naamini ulimi una nguvu, na naamini zipo nguvu za giza zinazotafuta damu barabarani, ndiyo maana siwashi injini kabla sijaomba. Lakini pancha zote nilizowahi kupata, nilipolichunguza tairi, nilikuta msumari, jiwe au kipande cha chuma. Na kama kubeba bendeji kunaita jeraha, basi anayeuza miavuli pale Ukunda ndiye anayetuletea masika kila mwaka. Yule dada mwenyewe ana kufuli tatu mlangoni kwake. Sijamuuliza anakiri nini.

Shetani alipompandisha Yesu juu ya hekalu, hoja aliyokuja nayo ilikuwa ya imani: jirushe, malaika watakudaka. Alikuwa hata na andiko. Yesu akamjibu kwamba huko ni kumjaribu Mungu. Nami huwa nawaza kwamba baada ya hapo alishuka kwa ngazi kama watu wengine.

Tazama tena Luka 22. Mara ya kwanza Yesu aliwatuma wanafunzi bila mfuko wala mkoba, na hawakupungukiwa na kitu. Usiku wa mwisho akawageuzia agizo: sasa mwenye mfuko na auchukue, na mkoba vivyo hivyo. Bwana yule yule, wanafunzi wale wale, barabara tofauti. Na Paulo je? Mtume ambaye Mungu alimtumia kumwinua Eutiko aliyeanguka kutoka ghorofani kule Troa, anamwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha huko huko Troa, tena afike kabla ya baridi. Mtu wa miujiza, na bado anataka koti lake.

Nenda Gazi au Shimoni alfajiri uwatazame wavuvi. Ngalawa haisukumwi majini bila kopo la kufulia maji, na sijasikia hata mmoja akisema kwamba kopo lile ndilo linalozamisha chombo. Wazee hao wanasali kabla ya kutoka, na kopo liko miguuni.

Basi tuingie kwenye buti.

Gari langu ni Probox, mnaijua, ile yenye alama ya kiti cha plastiki kwenye mlango wa nyuma. Wiki moja inabeba kwaya, wiki nyingine spika za mkutano wa injili, wiki nyingine mgonjwa. Mchungaji wa kijijini hana gari, ana ambulansi ambayo siku za Jumapili huenda kanisani. Kwa hiyo ninapopakia, sipakii kwa ajili yangu peke yangu, na hilo limebadilisha orodha yangu.

Spea na jeki, kila mtu anajua. Nina neno moja tu kwa kila kimoja. Spea hupungua upepo ikiwa imelala tu, kwa hiyo ukienda kujaza upepo mwambie kijana apime tairi tano, asiishie nne. Nimewahi kusimama kumsaidia mtu Tiwi, akatoa spea yake kwa fahari, nayo ilikuwa laini kama chapati. Na jeki iliyokuja na gari ilitengenezwa kwa watu wenye lami. Kwetu, ukiacha barabara kuu na kuingia ndani kuelekea Kinondo au Mwabungo, chini ni mchanga. Unazungusha jeki, na badala ya gari kupanda, jeki inashuka. Mwombe seremala kipande cha ubao mgumu, kama sentimita 30 kwa 30, ukitandike chini ya jeki. Ubao huo hauna heshima yoyote, hakuna atakayekusifia, lakini umeniokoa mara nyingi kuliko chombo chochote cha bei. Na ukitoka kuoshewa gari, hesabu vitu vyako. Jeki hupenda kutembea.

Kwenye laifusava nitakaa kidogo. Sheria yetu inataka kila gari libebe zile pembetatu nyekundu zinazoakisi mwanga. Wengi tunazibeba kwa ajili ya polisi, tukiharibikiwa tunazisahau butini na kukata matawi. Tawi mchana linaonekana. Usiku, dereva wa trela anayetoka Lunga Lunga haoni tawi mpaka amelikanyaga. Weka pembetatu nyuma ya gari, tembea hatua 50 au zaidi ndipo uiweke, na pale penye kona au kilele cha mlima uiweke kabla ya kona, asije mtu akakutana na gari kwanza. Abiria wote watoke barabarani, wakae mbali, wasisimame nyuma ya gari wakitoa ushauri.

Halafu kuna dhambi moja ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa madhabahuni, kwa hiyo naihubiri hapa. Mtu anaharibikiwa, anaweka mawe makubwa nyuma ya matairi na mengine barabarani kuonya wenzake. Anatengeneza, anamshukuru Mungu kwa sauti, anaondoka. Mawe anayaacha. Saa mbili usiku kijana wa boda boda amembeba mama yake, anakutana na jiwe lako la shukrani. Ndugu yangu, ukimaliza, rudi nyuma na miguu yako uondoe kila jiwe na kila tawi. Hata kama ni mvua. Hata kama kwaya inakungoja.

Mengine nitayapita haraka. Tochi ya kuvaa kichwani, kwa sababu anayebadilisha tairi anahitaji mikono miwili. Nyaya za jampa. Kamba ya kuvutia, nene. Mtungi wa kuzima moto, uliofungwa mahali unapofikika, usiwe chini ya magunia. Fulana ya kuakisi mwanga. Chaja ya gari na pawa benki. Karatasi yenye namba za simu za watu wako, iliyoandikwa kwa mkono, maana simu ikizima hukumbuki hata namba ya mke wako. Na namba 999 na 112 wafundishe watoto.

Maji, beba ya aina mbili: ya kunywa, na mtungi wa lita 10 wa kunawia na wa gari. Injini ikichemka, zima, fungua boneti, kaa kivulini. Mfuniko wa rejeta usiuguse ikiwa moto, maana maji yale hutoka kwa nguvu na kubabua uso. Kaa nusu saa na zaidi. Huo ni wakati mzuri wa kuomba, hapo sina ubishi. Petroli ya akiba ndani ya mtungi wa plastiki mimi sikubali kabisa. Jua letu na mvuke wa petroli ndani ya gari lililofungwa, na watoto wamekaa nyuma, hapana.

Feri. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, na anayetoka kwetu kwenda bara anaweza kupita Kibundani bila kugusa maji. Lakini anayekwenda mjini bado anapanga foleni Likoni, kama watu walivyofanya tangu 1937. Foleni hiyo ikikukuta saa saba mchana na mtoto mchanga, ndipo utajua kwa nini nasema maji ya kunywa yakae mbele na si butini.

Na kuna jambo ambalo nikifika pale silisemi kwa sauti, nalitenda tu. Tarehe 29 Septemba 2019, Jumapili jioni, gari liliteleza nyuma kutoka MV Harambee na kutumbukia baharini katikati ya kivuko. Ndani yake alikuwamo mama na binti yake mdogo. Gari lilitolewa majini tarehe 11 Oktoba. Pwani yote ilisimama siku hizo, Waislamu na Wakristo tukiomba kwa sauti moja kwenye ukingo wa maji. Sisemi kwamba kuna kifaa ambacho kingewaokoa, na yeyote anayesema hivyo mbele ya familia ile hana adabu. Nasema tu ninachofanya tangu siku ile. Gari likishasimama juu ya feri, handibreki juu, gia imeingizwa, mikanda inafunguliwa, vioo vyote vinateremshwa. Na kwenye mlango wa dereva, mahali mkono unapofika bila kutafuta, kuna kile kinyundo kidogo cha kuvunjia kioo chenye wembe wa kukatia mkanda. Kilinde kisizame butini pamoja na spea. Kikiwa butini hakina kazi.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho hutakikuta kwenye orodha ya fundi. Leso. Mbili, safi, zilizofuliwa na kuanikwa juani, zikakunjwa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Kando yake glavu za hospitali jozi kadhaa, sabuni, na kipande cha turubai ya plastiki. Vifurushi hivyo alivifunga Mama Mchungaji, mimi nilidhani ni mambo ya kina mama tu.

Ilikuwa masika, saa nane usiku, mlango ukagongwa. Jirani yetu, Mdigo, Mwislamu, mtu tuliyekuwa tukisalimiana kisimani. "Baba Mchungaji, samahani kwa usiku huu. Mke wangu uchungu umemzidi, na boda boda haipiti matopeni." Tukampakia mke wake, mama mkwe wake, na Mama Mchungaji akaruka ndani na tochi. Safari ilikuwa ya hospitali ya Msambweni. Hatukufika hata kwenye lami. Yule bibi, ambaye amewapokea wajukuu wengi kuliko anavyoweza kuhesabu, aliniambia: "Simamisha gari, mwanangu. Zima. Na utazame mbele."

Nikatazama mbele. Mvua ilikuwa inapiga kioo. Nyuma yangu bibi anasoma dua, mke wangu ananena kwa lugha, mimi nanong'ona Zaburi, baba mtu amesimama nje kwenye mvua ameshika mlango. Nadhani malaika waliokuwa zamu usiku ule walikuwa na kazi ya kutafsiri. Sitasema zaidi, nisije nikaitwa kwenye kamati ya wazee.

Mtoto akalia. Leso ya kwanza ilimkausha mtoto, ya pili iliwafunika wote wawili, mtoto akiwa juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi. Glavu alivaa bibi. Kitovu hatukukikata, kwa sababu bibi alisema hakuna kitu safi cha kukatia na hakuna haraka. Nesi aliyetupokea Msambweni akamwambia alifanya vizuri sana. Baba alitaka kumpa mtoto jina la gari. Bibi akasema mjukuu wake si Probox, na mjadala ukaisha.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Imani yangu usiku ule ilikuwa ile ile ya usiku mwingine wowote. Kilichomkausha yule mtoto ni leso ambazo mke wangu alizifua wiki mbili kabla, akaziweka garini bila kujua ni za nani. Alivyofanya Msamaria asubuhi ile.

Na ili usidhani kwamba katika hadithi hii mchungaji ndiye Msamaria kila siku, sikia na hili. Tulikuwa tunatoka mazishini, ndani kabisa ya Kinango, tukielekea Samburu kuikuta barabara ya Nairobi. Ndani nina wazee watatu wa kanisa. Jiwe likakata tairi, tukaweka spea. Hatukwenda mbali, tairi lingine likaingia msumari. Spea haipo tena, mtandao wa simu hakuna, jua linazama. Gari la kwanza likapita. La pili likapunguza mwendo, likatutazama, likapita, na kioo cha nyuma kilikuwa na maandishi ya kumtukuza Mungu, sitayarudia hapa. La tatu lilikuwa pikapu kuukuu lililojaa mbuzi. Akateremka mzee mwenye kofia, akatusalimia mmoja mmoja. Akalitazama tairi. Akasema, "Sawa. Kwanza niswali." Akatandika mkeka kando ya barabara, akaswali Magharibi, na sisi watumishi wa Bwana tukangoja kimya.

Alipomaliza alitoa sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na kila kitu: koleo la kuchomolea msumari, zile kamba za mpira za kuzibia pancha, pampu ya mguu. Akaziba, tukapokezana kupampu, tairi likasimama. Nikatoa pesa. Akazikataa. Nikasema basi ya kununulia kamba nyingine za mpira. Akacheka, akaniambia: "Baba, hii pampu si yangu. Ni ya barabara. Nawe ukipata ya kwako, iwe ya barabara." Akawaswaga mbuzi wawili waliokuwa wameteremka, akaondoka. Jina lake sikulipata.

Pampu ya mguu na kamba za mpira ninazo butini sasa. Zimeshawahudumia watu wanne, na mmoja wao alikuwa mtalii aliyekwama njia ya Shimba Hills, akapiga picha tairi badala ya kunipiga mimi.

Kwa wanaopanda bara: kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na sehemu ya kuheshimu ni ile nyika ya kuanzia Taru, Mackinnon Road, Maungu, kupita Voi hadi Mtito Andei. Vituo viko mbali, joto ni kali, na kwa kuwa unapita katikati ya Tsavo, ndovu nao wana safari zao. Ukiharibikiwa huko usiku, tazama kwanza kila upande kabla ya kufungua mlango. Bora zaidi, ondoka alfajiri upite nyika hiyo kukiwa na mwanga.

Dawa zisilale ndani ya gari. Jua la Diani linapika buti kama oveni, na dawa iliyopikwa haina msaada. Zikae kwenye mkoba unaoingia na kutoka na wewe. Mwenye kisukari abebe sindano zake mahali pa baridi, na tende au juisi karibu, maana foleni ikirefuka chakula kinachelewa. Mtoto akitapika au kuharisha safarini na huna paketi za dawa ya maji ya chumvi, chukua lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo. Na kwa wale watoto wanaotapika kila kona ya mlima, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, msiitafute. Beba ndoo ndogo ya rangi yenye mfuniko. Nimesema yenye mfuniko.

Chakula namwachia Mama Mchungaji. Yeye ana fundisho lake kwamba ugomvi mwingi wa ndoa barabarani ni njaa iliyovaa nguo nyingine. Kwetu hatuondoki bila mahamri, chupa ya chai, ndizi, mayai ya kuchemsha na korosho za Msambweni. Na huwa anaongeza mahamri sita zaidi. Mwanzo niliuliza ni za nani. Siku hizi siulizi. Hazijawahi kurudi nyumbani.

Ndiyo, na zile dinari mbili. Mimi nimekunja shilingi 2,000 za noti ndogo ndogo ndani ya nakala ya bima. Simu ikizima huna M-Pesa, na yule kijana wa pancha wa kijijini naye ana watoto. Pesa hizo si za soda. Zikitumika, zinarudishwa kabla gari halijaondoka tena.

Wengi wenu hamna magari, najua, mnapanda matatu na boda boda. Msidhani hayawahusu. Leso moja safi, chupa ya maji, tochi ndogo na glavu mbili vinaingia kwenye mkoba wa Biblia na nafasi inabaki.

Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, uwanja wa kanisa hautakuwa na chai ya wageni. Wenye magari myalete, mfungue mabuti, bila kupanga kwanza. Fundi wetu atakuja na pampu kupima spea zote bure. Kina mama watakuwa na meza ya leso na sabuni. Anayeweza kuchangia moja alete, asiyeweza achukue. Seremala ameahidi vipande vya ubao 30, nami nimeshaviona. Wenye boda boda mje pia, kuna glavu zenu. Tukimaliza ndipo tutaweka mikono juu ya kila gari na kuomba, na siku hiyo nitaomba kwa sauti kubwa kweli kweli.

Na yule ndugu niliyemwazima laifusava mwezi wa saba, unajijua. Zilete.